Wifi, Ule Haukuwa Unene

Wifi yangu Zena,

Barua za zamani zilianza kwa kuulizana hali. Hii sitaianza hivyo. Hali yako niliwahi kuulizwa, nikaijibu kwa kalamu yangu mwenyewe, na jibu lile ndilo lililonikalisha leo na karatasi hii mapajani.

Mwezi uliopita alikuja kijana kutoka Kilolo. Alijitambulisha kuwa ni mjukuu wa mdogo wako wa kiume, yule uliyekuwa ukimbeba mgongoni kabla hujaolewa. Alikuwa na bahasha, na ndani yake vitu viwili ambavyo mama yako alivitunza sandukuni mpaka anakufa: picha yako na barua yangu. Anataka picha ikuzwe, itiwe fremu, itundikwe sebuleni kwao. Akaitoa akanionyesha, akasema, "Bibi alikuwa mzuri. Ona alivyonawiri."

Nilimwambia aniachie bahasha mpaka Jumamosi nikaitazame vizuri, macho yangu ni mabovu. Huo nao ulikuwa uongo. Macho yangu bado yanatunga uzi kwenye sindano, na uso wako niliuona tangu picha ikiwa bado imo nusu ndani ya bahasha.

Uliletwa Mbeya katika ile miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Kaka Hamisi alikwenda Kilolo kununua mahindi akarudi na habari za msichana. Ulishuka kwenye basi una vumbi mpaka kwenye kope, na sanduku la bati, na kibuyu chako cha maji ukikibana kwapani kama mtu aliyeambiwa kuna wezi. Ulipoingia ndani, mbele ya wageni wote waliokuja kumtazama bibi harusi, uliomba maji, ukanywa umesimama, ukajifuta mdomo kwa kiganja, ukauliza choo kiko wapi. Mama alinitazama. Mimi nikatazama dari.

Nilikuwa na mwaka mmoja tangu niachwe na mume, nimerudi kwetu na ulimi mkali na sina la kufanya. Nilipewa kazi ya kukufundisha nyumba. Niliifurahia, sitakuficha. Nyumba nzima hakukuwa na mtu niliyemzidi cheo isipokuwa wewe.

Unaikumbuka ilivyokaa. Mbele duka la kaka, nyuma ua, na uani ndiko yalikoshushwa magunia ya mpunga kutoka Rujewa. Tangu jua linachomoza mpaka alasiri palijaa wanaume: wachukuzi, mpima mizani, madereva, na wale wasio na kazi waliokuja kuwatazama wenye kazi. Choo kilikuwa mwisho wa ua, ng'ambo ya mizani. Mwanamke mwenye haja ilimbidi akatize katikati yao ameshika kopo la maji, na kopo halina siri. Mwenye kopo mkononi haendi sokoni.

Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na sheria yake. Wanawake tulikwenda chooni mara mbili, kabla ya alfajiri na baada ya magharibi. Kati ya hapo mtu alijibana. Na ili ajibane vizuri, hakunywa maji. Kikombe cha chai ya asubuhi, basi. Mama alijisifu kwamba husali adhuhuri na alasiri kwa udhu wa alfajiri, na kila mgeni wa kike aliisikia kauli yake: miaka ishirini katika nyumba ile, hakuna mwanamume awezaye kusema amemwona na kopo. Miaka mingi baadaye nilimsikia mwalimu mmoja akifundisha kwamba hata dini haipendi mtu asimame kwenye swala amebana haja. Niliondoka kabla darsa halijaisha, nikasingizia kichwa.

Wewe ulikuwa mtu wa shamba. Kwenu mtu akiona kiu anakunywa, akibanwa anaingia kwenye mahindi, na dunia inaendelea. Wiki yako ya kwanza uliniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua, "Wifi, nyinyi maji hamnywaga?" Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikawasimulia mashoga zangu, nao wakacheka. Mama yeye alikujibu kwamba Mbeya ni baridi, kiu ni ya watu wa Usangu kwenye jua.

Halafu ikatokea ile siku ya mchukuzi. Saa nane mchana ulishindwa kuvumilia, ukachukua kopo ukatoka. Kati ya wale wanaume alikuwamo mmoja wa Iringa, akakujua kwa sura au kwa mwendo, akaweka gunia chini, akakuamkia kwa adabu: "Kamwene." Na wewe, kwa furaha ya kusikia Kihehe ugenini, ulisimama ukaitikia, mkaulizana habari za nyumbani zote, mvua, mahindi, wazee, huku kopo limening'inia mkononi. Mama aliyaona yote kupitia upenyo wa dirisha. Hakukusemesha siku mbili. Siku ya tatu alikuita akakwambia maneno machache sana, na mimi nilikuwapo: "Mwanangu, hapa kwetu mke haonekani na kopo. Ukimwaibisha Hamisi, umeniaibisha mimi."

Hukutoka tena mchana. Ungetubishia kidogo tu, wifi. Ungevunja hata sahani. Lakini ulikuwa na ile hamu ya kupendwa na wakwe, na mtu mwenye hamu hiyo hufundishika haraka.

Mama alikitundika kibuyu chako ukumbini kwenye msumari, akasema ni pambo. Siku moja nilikukuta umekitungua, umeking'oa kizibo, umeweka pua yako mdomoni mwake. Ukaniambia kinanukia kwenu. Nikakwambia ukirudishe kabla mama hajaamka.

Kisha kuna papa. Wazee wetu walitoka pwani, na katika nyumba ile hapakuliwa chakula bila kukumbushana hilo. Kila lori lililopanda lilituletea papa mkavu mwenye chumvi ya kukwaruza ulimi, na kile kisichokuwa papa kilitiwa chumvi kikafanana naye. Mwanzoni uliweka kipande mdomoni ukakunja uso, nami nikakutania kuwa ulimi wako ni wa maboga. Mwezi wa pili ulikuwa unaomba uongezewe. Unakula chumvi ile yote, na maji hunywi. Leo nikiwaza peke yangu kuhusu koo lako mchana wa saa tisa, midomo yako ilivyokuwa ikipasuka, nikikwambia upake mafuta, nasimama, naenda jikoni, nakunywa maji hata kama sina kiu.

Kichwa kilianza kukuuma hapo. Na dawa ilikuwa dukani kwetu, ule unga mweupe wa maumivu unaouzwa umekunjwa kwenye kikaratasi. Karatasi ya kwanza nilikupa mimi. Nilikufundisha namna yake: unakunja karatasi iwe mfereji, unaumimina ulimini, unashushia na funda moja la chai nzito. Nusu saa hivi kichwa kikatulia, ukanishika mkono ukaniambia nimekuponya. Mchana wake kikarudi. Kwa kuwa ni duka letu, hakuna aliyekuzuia. Ikawa moja asubuhi na moja mchana, kisha tatu, kisha ukawa unameza kabla kichwa hakijauma, ili kisiume. Mimi nilimeza pia. Mama alimeza. Vikaratasi tulikuwa tunawashia moto. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kichwa kinataka nini, na kilichokuwa kinataka kilikuwa ndani ya mtungi, hatua tano kutoka tulipokaa.

Sauti ya kukunjua kikaratasi kile bado ninaisikia. Mtu akifungua pipi karibu yangu, nageuka.

Ulikuja ukaniambia kiuno kinauma, pembeni, hapa na hapa. Tena ukaninong'oneza kwamba ukienda haja ndogo inachoma, na mkojo wenyewe umekuwa mweusi kama chai ya rangi iliyolala. Ulikuwa umechagua mtu wa kumwambia. Na mimi, kwa kuwa wifi ana ruhusa ya utani, nilikutania. Nilisema kila mwari analalamika kiuno, muulize Hamisi amekufanya nini. Ukainamisha kichwa ukacheka kwa aibu. Nilijiona hodari wa maneno siku ile. Wifi, watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe hukuficha. Mimi ndiye niliyekufichia.

Baada ya hapo ndipo ukaanza kupendeza.

Kila asubuhi uso wako ulikuwa umejaa, mashavu laini, macho yamezama kidogo kama ya mtu aliyelala vizuri. Majirani waliokuja walisimama mlangoni wakashangaa. Umenenepa, walikwambia. Umenawiri. Nyumba imekukubali. Mama alikuwa akijibu kwa niaba yako kwamba hapa kwetu mtu halali njaa. Wewe ulisema chakula hakipiti, kinakurudi, lakini nani angekusikiliza uso ukiwa unasema vingine? Bangili zako za fedha zikakaza, zikawa hazipiti kwenye kiganja. Tulizijaribu kwa sabuni, tukashindwa, tukapiga vigelegele. Mwanamke ambaye bangili hazimtoki ni mwanamke anayetunzwa, ndivyo tulivyojua.

Ulipoanza kutapika asubuhi, nyumba ikajaa furaha. Kaka Hamisi alirudi kutoka Rujewa na gunia la mchele wako mwenyewe. Ni wiki ile alipokupeleka kupigwa picha. Nilikuvika mimi. Viatu vyangu, ambavyo hapo awali vilikupwaya, havikuingia mguuni, ukapigwa picha umeficha miguu chini ya kanga. Mpiga picha alikwambia utabasamu, ukatabasamu. Ndiyo picha hii. Vidole vimekaa juu ya goti, vinene, vinang'aa, na kope zimevimba hata macho yanaonekana kama yanacheka.

Sasa nifike kule ninakokuogopa.

Ilikuwa jioni, jua bado liko juu ya paa la jirani, wanaume wameondoka uani. Umenyoosha miguu mkekani na mimi ninakukanda kwa mafuta ya nazi, kama tunavyomkanda mwenye mimba. Nilikandamiza kidole gumba juu ya mfupa wa mundi, nikakiondoa. Shimo likabaki. Nikalisubiri lifute, halikufuta. Nikabonyeza pembeni yake, likabaki na la pili. Ngozi ilikuwa inavutika na kung'aa, ya baridi. Ulikuwa unanitazama, siyo mguu.

"Wifi," ukaniambia, "kidole chako kimebaki."

Ukaendelea, polepole, kwa kile Kiswahili chako cha Kilolo tulichokuwa tukikicheka: "Mimi naona siyo kunenepa hii. Kwetu ng'ombe akiwa hivi tunajua anaumwa. Mwandikie mama. Mwambie nimevimba, aje."

Nilileta kalamu na karatasi. Hukujua kusoma, na ndani ya nyumba ile mwandiko mzuri ulikuwa wangu. Nilikaa mbele yako nikaandika, na wewe ukifuata mkono wangu kwa macho kutoka kushoto kwenda kulia.

Nilijua neno uliloniagiza. Nililijua na tahajia yake. Lakini kuvimba ni neno la mgonjwa, na barua za wakati ule hazikusomwa na mtu mmoja. Zilisomwa kwa sauti, jirani wamekaa, wajomba wamekaa. Ingesikika Kilolo nzima kwamba binti yao ameolewa Mbeya akavimba. Wangeuliza tumekulisha nini. Wangekuja wanaume kutuuliza. Nikamwona mama yangu ameinamisha uso mbele ya watu wa shamba. Nikaandika: "Zena hajambo sana. Amenenepa hata bangili hazimtoki, na tunatarajia kheri. Picha hii itakuwa shahidi."

Ukauliza, "Umeandika?"

Nikasema, "Nimeandika."

Ukaishika karatasi ukaibonyeza kidogo kwa kiganja, kama unavyobonyeza unga kuona umekauka, ukanirudishia.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili na siku kadhaa. Aliliandika mjomba wako kwa maneno ya mama yako. Alisema alikuwa ameota ndoto mbaya juu yako mara tatu, na alikwisha kufunga mzigo aje Mbeya, lakini baada ya kusikia umenenepa na kuiona picha, moyo wake umetulia. Atakuja baada ya mavuno, alete na kuku wa mzazi. Nilikusomea, nikaruka ndoto, nikaruka mzigo uliofunguliwa. Nikakusomea kuwa mama anakuja baada ya mavuno.

Halafu ukaniuliza, "Hakuuliza nimevimba wapi?"

Nikasema ameuliza.

Sijui kama uliniamini. Uligeukia ukuta, na tangu siku ile hukuniomba tena kitu chochote, hata dawa ya kichwa.

Ulipopelekwa hospitali ulikuwa huwezi kulala chali, pumzi hazitoshi, na maneno yako yalikuwa yanachanganyika na Kihehe. Mama alimwambia tabibu kuwa una mimba. Tabibu alikuwa kijana mpole, hakubishana naye. Alichukua mkojo wako kidogo kwenye kichupa chembamba, akaupitisha juu ya moto wa spiriti. Nilisimama karibu nikaona kwa macho yangu: ukawa mweupe, ukaganda kama ute wa yai. Akauinua kwenye mwanga akautazama muda mrefu.

"Hana mimba," akasema. "Ni figo. Amevimba tangu lini?"

Lile neno lilitoka kwenye kinywa cha mtu baki, wifi, kirahisi hivyo. Mama akajibu hujavimba, umenenepa. Tabibu akauliza unakunywa maji kiasi gani, unameza dawa gani, unakaa muda gani bila kwenda haja. Mama alinitazama nimjibu. Nilijibu yote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema kweli juu yako, na ilikuwa imechelewa.

Ulikaa pale siku tisa. Ulipatiwa maji kwa kijiko, kidogo kidogo, maana tabibu alisema sasa mwili hauwezi tena kuyatoa. Ndivyo ilivyokuwa: tulipokuwa tunakunyima ulikuwa unayahitaji, na tulipotaka kukupa hayakukufaa. Mara moja ulifumbua macho ukauliza kama wanaume bado wapo uani. Nikakwambia wamekwenda wote. Ukaonekana kufarijika. Alasiri ya siku ya tisa ukafariki, na bangili ilibidi zikatwe.

Mama yako alipata simu ya maandishi siku tuliyokuzika. Alifika kesho yake na basi, picha yako imefungwa kwenye pindo la kanga. Msiba ulikuwa umejaa. Wanaume wamekaa uani juu ya mikeka na juu ya magunia, pengine hamsini, pengine zaidi. Alilia na wanawake ndani mpaka sauti ikakauka. Kisha akainuka, akamuuliza mama maji yako wapi. Akakitungua kibuyu chako msumarini, akakijaza mtungini, akanywa amesimama, akajaza tena akanywa. Akachukua kopo. Mama alinyoosha mkono kama anataka kumshika nguo, asimshike.

Akatoka nalo mchana kweupe. Nilimtazama kupitia upenyo uleule wa dirisha. Wale wanaume walipomwona anakuja waliinamisha macho, waliokaa njiani wakasogeza miguu, mmoja akasogeza gunia. Akapita. Akakaa chooni kadiri alivyohitaji, akarudi kwa njia ileile, wakampisha tena. Yule mpima mizani akasema, "Pole, mama." Akajibu, "Asante." Basi. Hakuna kilichotokea. Hakuna aliyecheka, hakuna paa lililoanguka, na heshima ya mtu yeyote haikupungua hata kibaba. Nilisimama dirishani nikaelewa kuwa hicho ndicho tulichokuwa tukikiogopa.

Siku ya kuondoka aliniita. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono yake migumu kwa jembe. Alitoa barua yangu kwenye pindo, akaniuliza kama ni mimi niliyeandika. Nikasema ndiyo. Nilikuwa tayari anipige, nilitaka anipige.

"Mwandiko wako mzuri," akaniambia. "Mjomba aliusifu."

Akaikunja akairudisha pindoni. Mpaka leo sijui alijua kiasi gani. Kibuyu aliondoka nacho.

Mama hakusema tena kuhusu miaka yake ishirini, na hakuna aliyemkumbusha. Kaka Hamisi alijenga choo cha pili, cha wanawake, kando ya jiko, mwaka uliofuata. Ilimchukua siku nne na matofali yaliyokuwapo. Siku nne, wifi. Siku ile fundi alipomaliza niliingia nikafunga mlango nikalia humo mpaka nikaitwa.

Mimi mwenyewe nina presha, na kliniki hunipima mkojo kila baada ya miezi michache, siku hizi kwa kijiti tu, hakuna moto. Niliwahi kumweleza daktari habari zako zote. Alinisikiliza, akasema kwa umbali ule hawezi kujua kilichokuua ni kipi: unga ule, chumvi, ule uchafu unaopanda kutoka kwenye kibofu mtu akijibana, au kitu ulichokuja nacho kutoka kwenu bila kujua. Lakini akasema hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa rafiki wa figo zako, na kwamba uvimbe ungeonwa mapema, labda. Labda ndilo neno alilonipa. Ninaishi nalo.

Kila asubuhi, kabla sijavaa viatu, nabonyeza mundi wangu kwa kidole gumba na kungoja. Mtu akiniambia nimenenepa namwomba arudie, kisha naenda kwenye kioo. Mjukuu wa Hamisi anayesoma Dar es Salaam akija likizo husafiri kutwa nzima bila kunywa maji, eti asimsumbue dereva, na kwenye mkoba wake vidonge vya kichwa vimejaa kama karanga. Siku moja nilimnyang'anya mkoba nikavimwaga. Akalia, akasema bibi amekuwa mkali. Nikamweka chini nikamsimulia wewe, mwanzo mpaka mwisho, isipokuwa barua. Barua sikuweza.

Kijana wa Kilolo anarudi Jumamosi. Picha nitampa, nitamwambia kweli ya yale mashavu, halafu yeye ataamua kama anaitundika. Barua yangu ya zamani siichani. Nitairudisha ndani ya bahasha, na juu yake nitaweka nyingine niliyoiandika asubuhi ya leo, kwa mwandiko uleule uliosifiwa. Nakusomea, nikianza mwanzo na bila kuruka kitu:

"Mama, Zena amevimba. Uso asubuhi, miguu jioni. Hanywi maji kwa sababu tumemkataza. Anasema uje. Njoo na gari la kesho, mavuno yatangoja. Ukifika usipitie dukani, pita uani, katikati ya wanaume, watakupisha."

Uliniuliza kama nimeandika. Sasa nimeandika.

Wifi yako wa Mbeya